Shimo la Udongo Laini

Yaya Kahambu, dada yangu mkubwa, akiona tope lazima aliinamie. Mvua ikikatika, watu wengine wanaruka madimbwi wasichafue viatu, yeye anachuchumaa palepale njiani na sketi yake ya kufundishia, anafinyanga. Mama alimpigia kelele toka utotoni mpaka akachoka mwenyewe. Alifinyanga mbuzi, akafinyanga vyungu vya kuchezea, halafu mwaka ule mlima wetu wa moto ulipopasuka na sisi wote tukakimbilia Sake na magodoro kichwani, tuliporudi akaanza kufinyanga mlima.

Alikuwa anafundisha darasa la pili, shule ya mbao iliyokaa juu ya mawe meusi, karibu na barabara ya Sake. Ukimwona njiani asubuhi utadhani anamfukuza mwizi. Kikapu mkononi, mdomo unatafuna karanga, na kila mtoto anayepishana naye anaulizwa, "Umenawa uso wewe, au umeupaka matope kwa heshima yangu?"

Mlima wake ulikuwa hivi. Chupa ya plastiki katikati ya ubao, tope limeizunguka mpaka shingoni, changarawe nyeusi juu yake. Chini anapanga nyumba za maboksi ya kiberiti, kanisa, soko, na ziwa la kipande cha nailoni ya bluu. Ndani ya chupa anatia magadi, haya haya ya kulainishia maharage, na kijiko cha nyanya ya kopo kwa ajili ya rangi. Halafu anakamulia ndimu. Povu jekundu linapanda, linamwagika, linashuka mitaani, na watoto wanalia kwa furaha mpaka mwalimu wa jirani anagonga ukuta.

"Nyumba ya nani imeenda?" anauliza.

"Ya mwalimu!"

"Ya mwalimu tena? Kila siku ya mwalimu tu?"

"Kwa sababu hauna bwana wa kukubebea godoro!" Kuna kitoto kimoja nyuma kilijibu hivyo siku moja. Darasa zima chini. Na yeye mwenyewe alicheka mpaka akashika meza, maana ilikuwa kweli. Bwana alienda Butembo kufuata biashara, akaifuata moja kwa moja.

Kwa hiyo watoto wa yaya waliujua mlima. Walijua ukitoa moshi mwingine wakae vipi, walijua njia ya kukimbilia, walijua usirudi kuchukua kuku. Mimi nilikuwa namletea tope na mawe kwa chukudu yangu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, na nilikuwa nasimama dirishani kuangalia. Sikuimaliza sekondari, lakini ule mlima wa nyanya niliuelewa.

Halafu vita ikashuka kutoka Masisi, na watu wakashuka nayo.

Walikuja na sufuria, na watoto, na mbuzi wachache waliobaki. Wakawekwa juu ya mawe yetu, ng'ambo ya shule, turubai jeupe baada ya turubai jeupe. Sasa mtu wa Masisi kazoea udongo. Kule kwao unadondosha mbegu bila kutaka, kesho ni shamba. Hapa kwetu ukipiga jembe linakurukia usoni. Kigingi cha hema hakiingii, choo hakichimbiki, ukilala chini jiwe linakuamsha kama lina deni nawe. Mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda, yanatembea juu ya mawe mpaka kwenye blanketi lako.

Darasa la yaya likajaa watoto wa kambi, watatu watatu pale palipokuwa pa mmoja. Mmoja wao alikuwa msichana anaitwa Ombeni. Mwembamba, macho makubwa, umri alisema hajui vizuri. Kila siku alikuja na mdogo wake mgongoni, Heri, maana mama yao alikuwa anatafuta vibarua mjini. Yaya alimruhusu. Heri alikuwa anakaa chini ya meza ya mwalimu anakula karanga zilizodondoka.

Siku mlima wa nyanya ulipomwagika, Ombeni hakupiga kelele kama wenzake. Aliuangalia mpaka povu likakauka. Halafu akasema, "Kumbe ni mwekundu. Basi tutauona."

"Utauona," yaya akamwambia. "Na ukiuona?"

"Namchukua Heri nakimbia."

Yaya akafurahi.

Kesho yake Ombeni akaja na kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Akakiweka mezani kwa mikono miwili, vizuri, kama wanavyotoa zawadi kwao. Yaya akafungua. Ndege. Wadogo, wa kahawia, shingo zimelegea, hawana damu wala jeraha.

"Mwalimu, hawa wako. Mama amewaokota wengi. Tumepata pa kukaa papya, ndege wanajileta wenyewe."

Nilikuwa dirishani. Nilimwona yaya anabadilika rangi.

"Papya wapi, Ombeni?"

"Kule nyuma, kwenye shimo. Kuna udongo laini, mwalimu! Mama amechimba kwa mkono. Na majani mabichi, na hakuna chura wa kutupigia kelele, na chini pana joto kidogo."

Watu wa huku hakuna asiyejua shimo kama hilo. Nyanya yetu alitufundisha kabla hatujajua kuhesabu. Pakiwa na majani mabichi kupita kiasi na hakuna mdudu anayelia, usishuke. Ni mazuku, pumzi ya mlima. Haina rangi, haina harufu, haipigi kelele. Inatoka kwenye nyufa za ardhi, inajaa shimoni kama maji yanavyojaa beseni, na anayeingia humo analala. Mbuzi analala, ndege aliyetua kunywa umande analala. Mtoto analala kabla ya mtu mzima, kwa sababu mtoto ni mfupi.

Shimo lile lilikuwa hata na kibao, kilichorwa fuvu jekundu. Lakini kibao ni mbao, na kambini mbao ni kuni. Kilishaivisha maharage ya mtu zamani.

Yaya alifunga vipindi palepale. Alimbeba Heri, akamshika Ombeni mkono, akavuka mawe na mimi nyuma yake.

Mama Ombeni tulimkuta kweli ndani ya shimo. Halikuwa refu, ni bonde pana tu, ukisimama chini kichwa chako kinakaribia ukingo. Turubai lake alilikaza vizuri kuliko yote kambini. Vigingi vimesimama. Amepanda vitunguu tayari, mistari miwili. Kuku wake mmoja, pekee aliyetoka naye Masisi, amefungwa mguu kwenye kigingi.

Yaya hakushuka. Alisimama juu akaita, "Mama Ombeni, panda. Tafadhali, panda tuongee."

"Karibu mwalimu! Shuka wewe, huku kuna pa kukaa."

"Hapo pana mazuku, mama. Hao ndege hawakujileta. Wamekufa hapo."

Mama Ombeni alijifuta mikono. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, sura imechongoka kwa njaa, lakini macho yake yalikuwa na mzaha ndani. "Nimelala hapa toka Jumapili. Kama kuna kitu cha kuua, kimenichelewesha nini?"

"Sijui. Lakini kipo."

"Watu wa hapa mna maneno. Tulivyofika mkatuambia ziwa linakula watu. Halafu mlima unakula watu. Sasa na udongo unakula watu? Udongo wenyewe ndio huu tu, mwalimu. Au mnautaka nyinyi kwa maharage yenu?"

Wanawake waliosimama ukingoni wakacheka. Walikuwa wengi, wanaangalia. Nikaja kuelewa baadaye kwamba walikuwa wanamsubiri yeye. Hemani kwao maji yanapita chini ya mgongo, na kila mmoja ameshaliona lile shimo. Walisema, Mama Ombeni akimaliza wiki akiwa mzima, na sisi tunashuka. Ule udongo ungeweza kubeba hema kumi na tano zenye watoto.

Yaya akamwambia aje akae kwetu, jikoni kwa Mama. Mama Ombeni akakataa, na hakukataa kwa kiburi. Ukitoka kambini unafutwa kwenye orodha, na siku magari ya unga yakija wewe si mtu wa kambi tena. Alishafutwa sehemu moja kabla ya hapa. Hakutaka kufutwa tena.

Tukaenda kwa Papa Kalinda. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa kambi, wanamwita Prezida, kofia ya sufi, redio kwapani.

"Mwalimu," akasema, "jana wameingia wengine. Leo wanaingia wengine. Wewe nionyeshe pa kuwaweka, mimi nitafunga hilo shimo kwa mikono yangu."

"Kuwaweka hapo ni kuwazika, Prezida."

"Nionyeshe basi. Nionyeshe hayo mazuku niyaone kwa macho."

Hapo ndipo alipomchoma. Yaya alirudi nyumbani. Alikaa uani mpaka karibu jua linazama, mikono mitupu magotini. Halafu akaniambia, "Kakule, nimewafundisha mlima wa uongo."

"Uongo vipi? Mlima si unamwaga moto?"

"Unamwaga. Lakini nimewaambia kifo ni chekundu. Umesikia Ombeni alivyosema? Basi tutauona. Niletee tope."

Usinicheke, nilileta tope. Akachukua karai kubwa la kufulia, akajengea shimo ndani yake, lenye ngazi. Akaweka kipande cha mshumaa chini kabisa, kingine katikati, kingine ukingoni. Akafinyanga watu wadogo, akawasimamisha kwenye ngazi. Halafu akatia magadi kwenye jagi, akakamulia ndimu, bila nyanya safari hii. Likachemka, likatulia. Akaliinamisha jagi taratibu juu ya karai, bila kumwaga maji, kama mtu anayemimina jagi tupu.

Hakuna kilichoonekana kushuka. Mshumaa wa chini ukainama, ukazima. Ukafuata wa katikati. Wa juu ukabaki unawaka peke yake.

Nilikuwa nimeyajua mazuku maisha yangu yote, lakini nilijikuta nimerudi nyuma hatua mbili.

Asubuhi akafunga madirisha ya darasa, akarudia mbele ya watoto. Hakuna aliyepiga kelele.

"Nimemwaga nini?"

"Hakuna kitu, mwalimu."

"Nani amezima mshumaa?"

Watoto wakainuka kwenye benchi kuchungulia karai.

"Hicho mnachokiita hakuna kitu, kinatoka kwenye mlima uleule. Mlima hautoi moto tu. Unapumua pia."

Ombeni akanyoosha mkono. "Na mtu mrefu, mwalimu?"

"Mrefu anasimama, kichwa kiko juu, anapumua vizuri. Halafu anaona kitu chake kimeanguka chini." Yaya akamshika mtu mmoja wa tope, akamkunja kiuno mpaka uso ukafika kwenye mshumaa uliozimika. "Anainama kukiokota. Basi."

Ombeni akaandika kitu hewani kwa kidole, kama anayejikumbusha.

Mchana huohuo tukalibeba karai kwa chukudu mpaka kambini. Papa Kalinda aliita watu, wakaja wengi kuliko wanaokuja kwenye maombi. Yaya akaweka karai juu ya jiwe pembeni ya shimo. Alikuwa amevaa sketi yake safi.

Akawasha mishumaa. Upepo wa ziwani ukaja ukaizima yote mitatu mara moja.

"Eeh! Hata wa juu umekufa!" mzee mmoja akapiga kelele. "Basi na sisi wa juu kwishaaa!"

Watu wakacheka. Yaya akacheka nao kidogo, akawasha tena. Ikazimika tena. Wanaume wawili wakatanua blanketi kuzuia upepo, mishumaa ikasimama. Yaya akachanganya magadi na ndimu, akalisubiri jagi, akalimimina lile hakuna kitu lake. Mshumaa wa chini ukatikisika kidogo, ukaendelea kuwaka. Akamimina tena. Ukawaka vizuri zaidi, kama unamkomoa.

"Mshumaa umekataa kufa, mwalimu!"

"Muongezee ndimu!"

"Atukamulie na kwenye maharage, angalau tule!"

Mama Ombeni hakucheka sana. Alimhurumia, nadhani. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, umejaribu. Mungu amekuona." Akashuka shimoni kwake. Papa Kalinda akazungusha redio yake, akawaambia wanawake, "Tungoje Jumapili. Kama yupo mzima, tutagawa viwanja."

Tulirudi na karai. Yaya alikuwa analia bila kujificha, kamasi na machozi, watu wanapishana nasi. Nilijaribu kumtania, nikamwambia mbona mlima wa nyanya haukuwahi kukataa. Akasimama ghafla katikati ya njia.

"Upepo," akasema.

"Upepo nini?"

"Kakule, umeuona upepo ulivyoipeperusha ile pumzi pale? Ndio huohuo unaoipeperusha na shimoni. Wiki nzima hii upepo haujalala. Ndiyo maana hawajafa. Yale maonyesho hayakukataa, yalikuwa yanatuambia! Siku ukitulia..."

Akageuka mbio. Mimi na chukudu yangu tukabaki njiani.

Alimweleza Mama Ombeni, na Prezida, na yeyote aliyekuwa na masikio. Lakini mtu uliyemcheka saa ileile humsikii. Mama Ombeni akajibu tu, "Basi Mungu aendelee kupuliza."

Yaya akaomba kitu kimoja. Kama hawatoki, basi walale juu. Na taa ya koroboi ikae chini, ardhini, mlangoni, iwake mpaka kupambazuke. Ikizimika yenyewe, asishuke mtu. Wakae juu, wapige kelele.

"Na nitapata wapi kitanda?"

"Kakule atakuletea."

"Kitanda sikatai," Mama Ombeni akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka kwelikweli. "Kwa kitanda hata nitayaamini mazuku yenu."

Nilileta miti ya mkaratusi, nikaigongelea mchana kutwa, na yaya akalipia mafuta ya taa. Kikawa kitanda kirefu, kinafika kiunoni mwangu. Ombeni alikuwa anakipanda na kushuka, anampandisha Heri, anamfundisha. "Ukiwa hapa huinami. Sema. Huinami." Na Heri anasema, "Inami." Mama yao anatikisa kichwa. Ombeni aliipanga koroboi mwenyewe, akapima kwa macho kutoka kitandani kama ataiona akiwa amelala.

Upepo ulipuliza siku iliyofuata, na nyingine. Yaya alikuwa anaamka anatoka nje, ananyoosha kidole alicholamba, anarudi ndani. Sikumwona akila.

Jumamosi alfajiri alinivuta blanketi. "Amka. Amka, Kakule."

Nje kulikuwa na baridi ile ya kimya. Moshi wa jikoni kwa jirani ulikuwa umesimama wima kama mti. Majani ya mgomba hayatikisiki. Hata ziwani huko hakusikiki kitu. Yaya alikuwa ameshaanza kukimbia, kanga moja, miguu mitupu juu ya yale mawe.

Nilichukua kamba ya chukudu, sijui kwa nini. Nilikuwa nayo mkononi tu.

Tulipofika ukingoni, kitu cha kwanza nilichokiona ni kuku. Amelala ubavu pembeni ya kigingi chake, bawa limefunguka. Mlango wa hema ulikuwa wazi. Ndani, juu ya kitanda, Ombeni amesimama, kichwa kinagusa turubai, Heri yuko mabegani kwake amemshika nywele. Macho yao makavu kabisa.

Chini, mlangoni, Mama Ombeni amelala kifudifudi. Mkono mmoja umeishika koroboi.

"Mwalimu," Ombeni akasema. Sauti haikuwa kubwa, lakini kulikuwa kimya hivyo ikatufikia. "Nimepiga kelele mpaka sauti imeisha."

"Usishuke!" yaya akaita. "Usishuke, Ombeni, hapo hapo! Kakule!"

Nilivuta pumzi kama wanavyovuta watoto wa ziwani kabla ya kuzama, nikashuka mbio, wima, kichwa juu. Nilihisi joto miguuni, la kitu kisichokuwepo. Heri nikamweka shingoni, Ombeni nikamwambia kwa mkono apande mgongoni. Nilimpita mama yao. Nilimpita, mguu wangu ukagusa kanga yake, na sikuinama. Nikapanda. Nikawatua juu ya mawe, nikaanguka nakohoa.

Yaya alikuwa ameshachukua kamba. Nikamshika. "Utakufa. Ukiinama utakufa, wewe ndiye uliyesema!"

"Ninajua nilichosema. Shika huku."

Akashuka amefunga mdomo, mashavu yamejaa. Akainama. Nilikuwa nasema moyoni, panda, panda, panda. Akajaribu kupitisha kamba kwapani kwa Mama Ombeni, kamba ikatoka. Akainuka bila kumpata, akapanda anayumba, macho yametoka. Akahema juu ya mawe. Akashuka tena. Wanaume wa kambi walikuwa wamefika, wamevaa nusu. Safari hii kamba ikashika. Tukavuta, mimi na Papa Kalinda na yule mzee wa mzaha, tukamvuta juu ya vile vitunguu vyake na juu ya mawe meusi, na yaya akapanda nyuma yake kwa magoti.

Tulimlaza. Tukampepea kwa kanga, kwa turubai, kwa kofia ya Prezida. Papa Kalinda akambonyeza kifua huku analia jina la Mungu. Yaya akampulizia mdomoni pumzi yake mwenyewe, na tena, na tena, mpaka mama mmoja akamshika mabega akamwambia, "Mwalimu, acha. Ameshapoa."

Hakuacha. Ilibidi nimtoe mimi.

Ombeni alikuwa amekaa palepale nilipomweka. Alikuwa anamwambia yeyote aliye karibu, kwa utaratibu, kama anajibu swali darasani.

"Taa ya chini ilizimika. Nikamwamsha mama. Nikamwambia mazuku. Akasema, mafuta yameisha. Nikamwambia usishuke. Akasema nawasha tu mara moja. Akashuka. Alikuwa amesimama, hakupatwa na kitu. Akapiga kiberiti, kikawaka. Akakishusha kwenye taa, kikazima. Akapiga kingine, akainama. Kikazima. Akainama zaidi."

Yaya alikuja akakaa chini mbele yake. Hakumgusa.

"Ulitufundisha vizuri, mwalimu," Ombeni akasema. "Ni mama hakuwa darasani."

Siku hiyohiyo watu wa kambi walijaza mawe ukingoni, jiwe juu ya jiwe. Hakuna aliyegawa kiwanja. Mvua ikanyesha usiku, maji yakapita chini ya migongo yao kama kawaida, na hakuna aliyelalamika. Mama Ombeni tulimzika mbali, penye udongo kidogo tulioubeba kwa chukudu, maana kaburi nalo halichimbiki huku.

Ombeni na Heri wako kwetu, jikoni kwa Mama. Wamefutwa kambini.

Yaya alikaa muda mrefu bila kugusa tope. Mvua ikikatika anapita kama watu wengine, anaruka madimbwi. Nilidhani imeisha. Halafu wakaja watoto wapya shuleni, wametoka Masisi hukohuko, na wa kwanza wao akasema darasani kwamba nyuma ya kambi kuna sehemu majani mabichi kweli, kwa nini wameizibia mawe.

Yaya akaniita dirishani. "Niletee tope, Kakule."

Alijenga lile shimo kwenye karai, madirisha yamefungwa. Mikono yake ilikuwa polepole. Alipofika kwenye watu, akasimama, akashindwa. Ombeni akatoka kwenye benchi na Heri mgongoni, akachukua donge, akafinyanga mwenyewe. Alimfanya mwanamke na kanga yake. Akavunja kijiti akamwekea mkononi, kama kiberiti. Halafu akamkunja kiuno.

"Huyu mwache asimame, Ombeni," yaya akasema taratibu. "Tutamsimamisha."

"Aliinama, mwalimu."

Yaya akamwangalia. Halafu akakichukua kile kitu cha tope kwa vidole viwili, akakiweka chini kabisa, pembeni ya mshumaa wa kwanza. Akawasha mishumaa yote mitatu, akachukua jagi.